Wasomaji Wanauliza: FLAC au MP3 kwa Kicheza Muziki cha Mfukoni?

SWALI

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu pamoja na wasomaji wote. Marehemu baba yangu alituachia kanda nyingi za taarabu na za muziki wa dansi, nyingine alizirekodi mwenyewe kutoka redioni na nyingine kwenye harusi za hapa mtaani, pamoja na CD alizonunua miaka ya baadaye. Nimenunua kicheza muziki kidogo chenye kadi ya gigabaiti 32, nami nataka kuuhamishia humo muziki huo niwe nausikiliza safarini. Mpwa wangu, ambaye anasomea kompyuta, anasisitiza nitumie muundo wa faili uitwao FLAC peke yake kwa kuwa ule wa MP3 unauharibu muziki. Muuzaji wa kifaa anasema hakuna sikio linaloweza kutofautisha, na kwamba FLAC ni kujaza kadi bure. Nimsikilize yupi?

Msomaji, Tanga

JIBU

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Kwa kadi utakayotembea nayo, muuzaji yuko karibu zaidi na ukweli. Kwa kanda zenyewe, mpwa wako ndiye wa kumsikiliza, tena kabla hujahamisha hata kanda moja. Haya ni maswali mawili, na wengi hupoteza rekodi zao kwa sababu ya kuyapa jibu moja.

Tuanze na ukubwa wa kitu chenyewe. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde kwa upande wa kulia na kwa upande wa kushoto, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16 (biti ni tarakimu moja ya 0 au 1, na biti nane hufanya baiti moja). Ukizidisha unapata biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani zaidi kidogo ya megabaiti 10 kwa dakika, na wimbo wa dakika nne ukiachwa kama ulivyo katika faili la WAV unachukua megabaiti 42 hivi. Kicheza muziki cha mfukoni cha kwanza cha Apple, iPod ya Oktoba 2001, kilikuwa na gigabaiti 5 tu, na bado kilitangazwa kuwa kinabeba nyimbo 1,000. Hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu nyimbo zilibanwa kwa MP3 ya kilobiti 160 kwa sekunde, ambapo wimbo wa dakika nne hauzidi megabaiti 5. Zingewekwa kwa WAV, kifaa hichohicho kisingefikisha nyimbo 120. Miundo inayopunguza sauti ilienea mifukoni mwetu kwa sababu ya uhaba huo wa nafasi, na wala haikuwa hila ya mtu.

FLAC, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2001, hubana bila kutupa chochote. Programu hutazama vipimo vilivyotangulia, hukisia kipimo kinachofuata, kisha huandika tofauti kati ya makisio na ukweli. Chukua vipimo vitatu vinavyofuatana: 1,000, 1,010 na 1,021. Kwa mwendo huo, makisio ya kipimo cha nne ni 1,032. Ikiwa kipimo halisi ni 1,030, FLAC haina haja ya kuandika namba hiyo kubwa, huandika hasi 2 peke yake, ambayo inahitaji biti chache sana. Wakati wa kucheza, kifaa hukisia vilevile, hutoa 2, na kuipata 1,030 bila kukosea hata biti moja. Kwa njia hiyo wimbo wa megabaiti 42 hushuka hadi megabaiti 25 hivi, ingawa kiasi hicho hutegemea muziki. Rekodi tulivu ya udi na sauti ya mwimbaji mmoja hubanwa sana; muziki wa siku hizi uliorekodiwa kwa kishindo kutoka mwanzo hadi mwisho hubanwa kidogo. Mvumo wa kanda, ule unaosikika kama upepo nyuma ya wimbo, hauwezi kukisiwa, kwa hiyo usishangae mafaili ya kanda za mzee yakitoka makubwa kuliko ulivyotarajia.

MP3 hufuata njia nyingine kabisa. Msingi wake uliwekwa kwa sehemu kubwa na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, na unategemea udhaifu wa sikio la binadamu: sauti kubwa huificha sauti ndogo iliyo karibu nayo kwa masafa, yaani kwa wembamba au unene wa sauti, na pia ile inayoitangulia au kuifuata kwa muda mfupi sana. Programu hukadiria ni nini kitakachofichwa, kisha hukiandika kwa usahihi mdogo au hukiacha kabisa. Kinachoachwa hakiandikwi popote, na hakuna programu itakayokirudisha. AAC, Ogg Vorbis na Opus, miundo iliyokuja baadaye, hufuata kanuni hiyohiyo kwa ustadi zaidi, na ndiyo maana hutoa sauti nzuri kwa biti chache kuliko MP3.

Ili uone jambo hili kwa karibu, fikiria kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, katika rekodi ya taarabu. MP3 huukata muziki katika vipande vya vipimo 1,152, ambavyo ni kama milisekunde 26 kila kimoja, na hitilafu inayotokana na kubana husambaa ndani ya kipande, kabla na baada ya tukio. Risha inapogusa uzi wa kanuni, sauti hulipuka ghafla kutoka kimya. Kama tukio hilo limeangukia katikati ya kipande, sehemu ya hitilafu hujitokeza katika kimya kilichotangulia mguso, na masikio husikia kitu kama ukungu mfupi mbele ya noti ambayo ilipaswa kuanza kwa ukali. Programu nzuri hulitambua tukio la namna hiyo na kubadili kutumia vipande vifupi zaidi, lakini kwa kilobiti 128 au pungufu biti hazitoshi kulikamilisha hilo. Kayamba na manyanga huleta shida inayofanana na hiyo, kwani mchakacho wake umeenea katika masafa yote na unadai biti nyingi kila sekunde. Ukisikia kayamba inatoa sauti ya maji yanayotiririka badala ya punje zinazogongana, hapo ndipo kubana kumezidi.

Je, hilo lina uzito gani kwa mtu aliye ndani ya daladala? Kwa maoni yangu, dogo mno, maadamu hujashuka chini ya kiwango cha heshima. MP3 iliyotengenezwa kwa programu ya LAME kwa kiwango kinachobadilika, katika mpangilio wa V2 ambao wastani wake ni kilobiti 190 hivi kwa sekunde, ni vigumu sana kuitofautisha na CD kwa watu wengi na kwa nyimbo nyingi. Mpangilio wa V0, wenye wastani wa kilobiti 245, humridhisha hata msikilizaji mkali. Opus hufikia hali hiyo kwa kilobiti 128 hadi 160. Ngurumo ya injini, upepo dirishani na kelele za abiria hufunika mambo makubwa kuliko yale ambayo MP3 ya kiwango hicho imeyaacha.

Usikubali neno langu wala la muuzaji, jaribu mwenyewe. Chukua CD moja unayoijua vizuri, itoe nyimbo zake kwa FLAC, kisha kutokana na FLAC hizohizo tengeneza MP3. Ni lazima zote mbili zitokane na chanzo kimoja, kwa sababu matoleo mawili ya wimbo mmoja yaliyopatikana sehemu tofauti huwa na tofauti ambazo hazihusiani na muundo wa faili. Halafu tumia programu ya kompyuta kama foobar2000, yenye nyongeza ya jaribio la upofu, ambayo hukuchezea bila kukuonyesha jina la faili na kukutaka useme ni lipi. Sauti zilingane kwa ukubwa, maana sikio hudhani kwamba iliyo juu kidogo ndiyo bora. Fanya mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, uwezekano kwamba umebahatisha ni chini ya 4 kati ya 100, na hapo una haki ya kusema unasikia tofauti. Ukipatia 8 au 9, weka MP3 kwenye kadi kwa moyo mweupe, na fedha ambayo ungenunulia kadi kubwa nunulia hedifoni zinazoziba masikio vizuri. Hedifoni hubadilisha sauti kuliko hatua yoyote kati ya V2 na FLAC, na zile zinazozuia kelele za nje hukuwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini, jambo ambalo masikio yako yatalihitaji katika miaka ijayo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na ndani ya basi watu hupita kiwango hicho bila kujitambua.

Sasa tuje kwenye kanda, ambazo ndizo hasa zilizonifanya niipe barua yako nafasi kubwa. Harusi iliyorekodiwa mtaani kwenu haipo kwenye duka lolote la muziki wala kwenye huduma yoyote ya intaneti. Huenda kanda iliyo ndani ya sanduku lenu ndiyo nakala pekee duniani, na utepe wake unazidi kuchoka. Ukiihamisha moja kwa moja kuwa MP3, kisha kanda ikakatika, MP3 hiyo ndiyo itakayokuwa asili. Siku kifaa kijacho kitakapotaka muundo mwingine utaibana tena, na kila kubana upya kutaongeza hitilafu juu ya hitilafu. Kwa FLAC jambo hilo halitokei: leo unaweza kutoa MP3, kesho Opus, na baada ya miaka ishirini muundo ambao haujazaliwa bado, na kila nakala itatoka kwenye chanzo kilekile kilicho kamili.

Kwa hiyo rekodi kila kanda iwe FLAC kwanza, na uiite nakala mama. Kabla ya kuanza, safisha hedi ya deki kwa pamba na spiriti, kwani uchafu wa hedi hula masafa ya juu kwa kiasi ambacho hata MP3 ya kilobiti 128 haithubutu. Kama deki ina skrubu ya kunyoosha hedi, izungushe taratibu huku ukisikiliza mpaka sauti za juu zing'ae, na fanya hivyo kwa kila kanda iliyorekodiwa kwenye mashine tofauti. Unganisha deki na kompyuta kwa waya kupitia kigeuzi cha sauti cha USB, rekodi kwa programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, na uache vilele vya sauti viishie kama desibeli 6 chini ya kikomo, maana sauti iliyogonga kikomo cha juu hukatwa kichwa na hairudi. Ukiweza kurekodi kwa biti 24 ni vizuri, kwa kuwa hukupa nafasi ya kurekebisha baadaye. Hata hivyo biti 16, zenye upana wa desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, zinatosha kuhifadhi kila kilichomo kwenye kanda ya kawaida. Usihangaike na kilohezi 192, yaani vipimo 192,000 kwa sekunde, zinazotangazwa kwenye maboksi ya vifaa. Sikio la binadamu huishia kilohezi 20, na kanda ya nyumbani mara nyingi haifiki hata hapo.

Usipunguze mvumo wa kanda katika nakala mama. Programu za kusafisha sauti huondoa mvumo pamoja na pumzi ya mwimbaji, na kama utataka kusafisha, safisha nakala ya pili. Andika jina la kikundi, mahali, mwaka na majina ya waimbaji ndani ya faili lenyewe, kwani FLAC ina nafasi nzuri ya maelezo hayo kuliko WAV. Wazee wanaowatambua waimbaji hao waulizwe sasa.

Kanda mia moja za saa moja moja, kwa biti 16, zitakaa ndani ya gigabaiti 40 hivi, kiasi ambacho diski ya nje ya bei ya chini kabisa inakimeza mara nyingi. Weka nakala kwenye diski mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Kila faili la FLAC lina alama ya uthibitisho wa sauti iliyomo, na programu ya flac inaweza kulikagua na kukuambia kama kuna biti iliyoharibika. MP3 haina ukaguzi wa namna hiyo kwa sauti yote. Fanya ukaguzi huo kila mwaka.

Baada ya hapo rudi kwenye kadi yako ya gigabaiti 32. Kwa FLAC itabeba nyimbo 1,200 hivi za dakika nne, na kwa MP3 ya kilobiti 192 zaidi ya 5,000. Kama nyimbo unazozitaka safarini hazifiki elfu moja, na kifaa chako kinaisoma FLAC, ziweke hivyohivyo ujiepushe na kazi ya kugeuza. Kama ni nyingi zaidi, geuza kwa LAME V2. Soma kwanza karatasi ya kifaa: vicheza vingi vya bei nafuu, pamoja na redio ndogo za flashi, husoma MP3 na WAV tu na huruka faili la FLAC kana kwamba halipo. Mpwa wako anaweza pia kutazama kama kifaa hicho kinakubali Rockbox, programu ya bure inayoviwezesha vicheza kadhaa vya zamani kusoma FLAC, Vorbis na Opus.

SWALI

Ndugu Mhariri, nina nyimbo nyingi za MP3 za kilobiti 128 nilizowekewa kwenye flashi miaka iliyopita. Nimepata programu ya kuzigeuza kuwa FLAC. Mafaili yamekuwa makubwa mara tano na zaidi, lakini sisikii tofauti yoyote. Nimekosea wapi katika kuipanga?

Msomaji, Mombasa

JIBU

Hujakosea katika kupanga, ndugu yangu. Programu imefanya ilichoweza, yaani imeihifadhi kwa ukamilifu sauti ambayo tayari ilikuwa imepunguzwa. FLAC huahidi kwamba kilichoingia ndicho kitakachotoka, na kilichoingia kwako ni MP3 ya kilobiti 128. Futa FLAC hizo, ubaki na MP3 za awali, na wala usizigeuze kuwa AAC au Opus kwa kutarajia nafuu, maana hapo zitapungua zaidi.

Ninalijibu swali hili kwa uzito kwa sababu wapo wanaouza mafaili ya namna hiyo wakiyaita ya ubora wa juu. Lifungue faili unalolishuku katika Audacity na utazame picha ya masafa badala ya wimbi, au tumia programu ndogo iitwayo Spek. Rekodi iliyotoka kwenye CD kwa kawaida huonyesha sauti zikififia polepole kuelekea kilohezi 20 na zaidi. Iliyopitia MP3 ya kilobiti 128 mara nyingi huonyesha mstari mnyoofu kama uliokatwa kwa rula karibu na kilohezi 16, na juu yake ni giza tupu kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Angalizo moja ni kwamba rekodi za kanda na za zamani huishia chini kwa asili yake, ila zenyewe hufifia bila kukatika kwa ghafla. Nyimbo unazozipenda kwa dhati zitafutie CD au ununue upya katika muundo usiopoteza. Hizo nyingine zisikilize kama zilivyo.

SWALI

Mhariri mpendwa, natumia hedifoni za Bluetooth na simu ya Android. Rafiki zangu hapa wanasema nikiweka FLAC nitasikia kama niko studio. Ni kweli?

Msomaji, Muscat

JIBU

Kwa hedifoni hizo, hapana. Simu huifungua FLAC, kisha kwa kawaida huibana sauti upya kwa muundo unaopoteza ili iweze kupita hewani. SBC, muundo ambao karibu kila kifaa cha sauti cha Bluetooth huuelewa, kwa kawaida hauzidi kilobiti 328 kwa sekunde. LDAC, muundo wa Sony, hufika 990 mawimbi yakiwa mazuri na hushuka hadi 330 yakiwa mabaya. Ukilinganisha na kilobiti 1,411 za CD, utaona kwamba sehemu kubwa huachwa njiani. FLAC ina faida ndogo hapo, kwamba muziki hubanwa mara moja badala ya mbili, lakini MP3 ya V0 au AAC ya kilobiti 256 itakupa karibu matokeo yaleyale na kukuachia nafasi kwenye simu. Kuhusu chaji usiwe na hofu, kwa kuwa kuifungua FLAC ni kazi nyepesi kwa kichakataji, nyepesi hata kuliko kuifungua MP3.

Ingia kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu yako uone hedifoni zinatumia muundo gani, maana mara nyingine zinaweza AAC au LDAC nazo zimeachwa kwenye SBC. Ukitaka kuisikia FLAC ilivyo, tumia hedifoni za waya. Na kama simu haina tundu lake, adapta ndogo ya USB-C yenye kigeuzi cha sauti ndani yake inatosha kwa kazi hiyo.